Godfather ni ya kweli au ni chumvi? Jibu nimelikuta Kariakoo

Najua nimepotea wiki tatu nzima na wengine mmeshaanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko jamani, teh teh! Zilikuwa test juu ya test, halafu kuna jambo la kifamilia lilinikaba koo, nitalieleza huko mbele. Ila naanza na muvi, kwa sababu hilo jambo lenyewe nililielewa kupitia muvi.

Basi bwana, Ijumaa ya wiki iliyopita tulikusanyika geto kwa washkaji wa mwaka wa tatu hapa Chang'ombe. Watu saba, laptop moja, mihogo ya kukaanga na pilipili ya kutosha. Tukaamua kuangalia Godfather zote kwa mpigo: ya 1972, ya 1974 na ya 1990. Kwa asiyejua, hizo ni kama saa tisa za kukaa chini bila kuondoka. Tulimaliza Jumamosi asubuhi macho mekundu kama wavuvi. Sehemu ya tatu nusu yetu tulisinzia, na naambiwa hata duniani kote watu wanaisinzia hiyo, kwa hiyo tusilaumiane.

Ubishi ukaanza kabla hata hatujapiga mswaki. Swali moja tu: hivi haya mambo ni ya kweli?

Rumeti wangu akasema ni chumvi tupu. Jambazi gani anavaa tai, ana bustani ya nyanya, anabeba wajukuu, halafu anaua watu kwa adabu? Jamaa mmoja anayesoma Historia akasema ni kweli tupu, na kwamba hata hapa Bongo tunao. Mwingine akauliza swali ambalo lilitushinda wote: "Sasa hapa stelingi ni nani na adui ni nani?"

Msicheke. Sisi tumekulia kwenye vibanda umiza, tunaangalia muvi huku sauti ya Lufufu inatafsiri. Kanuni ilikuwa moja: kuna stelingi, kuna adui, na stelingi hafi. Ukishamjua stelingi unatulia. Sasa kwenye Godfather unamshangilia Michael sinema nzima, anaingia kanisani kuwa baba wa ubatizo wa mtoto wa dada yake, padri anamuuliza kama anamkataa shetani, anajibu anamkataa, na dakika hizo hizo watu wake wanaua mji mzima. Unagundua stelingi wako ndiye adui. Mimi nadhani ndiyo maana ile muvi haifutiki kichwani.

Nikasoma soma kidogo ili nisibishane kama shabiki wa mpira. Mario Puzo, aliyeandika riwaya yenyewe mwaka 1969 na baadaye akaandika filamu pamoja na mwongozaji Francis Ford Coppola, alikiri mwenyewe kwamba hakuwahi kukutana na jambazi wa kweli wa aina ile. Aliandika kwa kusoma tu. Rumeti akashangilia.

Nikamwambia subiri kwanza. Mwaka 1971 filamu ikiwa bado inatengenezwa, Joe Colombo, mkuu wa moja ya zile familia tano za New York, alikuwa na chama chake cha kutetea Wamarekani wenye asili ya Italia. Wakashinikiza neno "Mafia" liondolewe kwenye filamu. Likaondolewa. Juni mwaka huo huo Colombo akapigwa risasi hadharani, kwenye mkutano wa chama hicho hicho. Yani waigizaji wanaigiza kuuana, na wenyewe wanauana mtaa wa pili! Tena Salvatore Gravano, ambaye baadaye alikiri kushiriki mauaji 19, alisimulia jinsi muvi ile ilivyomkoleza alipoiona. Kwa hiyo hata kama Puzo alitunga, wenye kazi yao waliiona wakajipenda.

Sasa naomba niseme yangu. Mimi naona pande zote mbili zinatafuta ukweli mahali pasipo. Wanaangalia bastola, suti, kichwa cha farasi kitandani. Hayo tuwaachie wenyewe.

Tuanze na uongo wa ile muvi, maana upo, na ni mkubwa.

Kwanza, Don Vito anakataa biashara ya madawa ya kulevya kana kwamba ana maadili. Kwenye maisha halisi, Vito Genovese, bosi wa familia mojawapo ya New York, alitiwa hatiani kwa kesi ya heroini mwaka 1959, akafungwa miaka 15, akafia gerezani mwaka 1969, mwaka ule ule riwaya ilipotoka. Huyo Vito hakukataa kitu.

Pili, na hapa ndipo penye maneno: wanaolipa hawaonekani. Angalia vizuri sehemu ya pili, Vito akiwa kijana (Robert De Niro, na alipata Oscar kwa hiyo). Yupo bwana mmoja Fanucci, suti nyeupe, anawakamua wenye maduka wa mtaani. Vito mwenyewe anapoteza kazi dukani kwa sababu Fanucci anataka mpwa wake aajiriwe. Hapo tunawaona wanyonge, tunaona hofu machoni. Vito anamuua Fanucci, anachukua nafasi yake, na kuanzia dakika hiyo wenye maduka wanaolia wanatoweka kwenye picha! Tunabaki kuona watu wenye shukrani tu. Wanamletea matunda, wanambusu mkono. Jamani, hela ya ile nyumba yenye geti ilitoka wapi? Ilitoka kwa watu ambao kamera imekataa kuwaonyesha.

Ukitaka kuwaona, usiende mbali. Nairobi, miaka ya 2000, waulize waliokuwa makondakta wa matatu kuhusu Mungiki. Kila siku unatoa chako pale stendi ndipo gari linatoka. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku kundi hilo mwaka 2002, na bado mwaka 2007 watu wakawa wanakutwa wamekatwa vichwa, polisi nao wakaingia Mathare wakaua wengi. Hapo hapakuwa na tai wala muziki wa tarumbeta. Kulikuwa na kondakta anayehesabu sarafu na kuogopa.

Au nendeni kule kule Sicily. Pale Palermo alikuwepo mfanyabiashara anaitwa Libero Grassi, kiwanda chake kinashona pajama na nguo za ndani. Mtu wa nguo kabisa, kama watu wetu wa Mtaa wa Kongo. Januari 1991 aliandika barua gazetini akiwaambia wanaomtoza kwamba halipi. Agosti 29 mwaka huo huo wakampiga risasi akiwa anatoka nyumbani kwenda kazini. Ilibidi ifike 2004 ndipo vijana wa rika letu pale Palermo wakaanza kubandika vikaratasi usiku kuwahimiza watu waache kulipa. Mimi ningependa muvi ya huyo mshona pajama.

Sasa mtasema, kama ina uongo hivyo, ukweli wake uko wapi? Uko kwenye dakika kumi za kwanza.

Mnakumbuka? Mzika maiti, Bonasera, binti yake kapigwa na vijana wawili, mahakama imewaachia watembee. Anaenda kwa Don siku ya harusi. Don hataki hela yake. Anamwambia sawa, nitakusaidia, ila siku moja, na huenda siku hiyo isifike, nitakuomba jambo. Basi. Hakuna kiasi wala tarehe. Na siku ilipofika, wala hakutumwa kuua mtu. Aliambiwa amtengeneze maiti Sonny, mama yake asimwone alivyochakazwa na risasi. Jambo dogo tu la kibinadamu. Ungekataaje?

Mimi nasomea ualimu wa Hisabati na Jiografia. Deni ambalo halina tarakimu wala tarehe, huwezi kulilipa. Hakuna mlinganyo. Utalipa mpaka mwenyewe aseme basi, na hasemi.

Hapo ndipo Kariakoo inapoingia.

Mama mdogo wangu ana kifremu Kariakoo, anauza vitenge na madera. Nimekaa naye pale likizo zote tangu kidato cha tatu. Kwa wasiojua, mtaji wa Kariakoo siyo hela, ni mdomo. Inaitwa mali kauli. Unaenda kwa tajiri wa jumla, unachukua mzigo kwa neno lako tu, unaandikwa kwenye kaunta buku, unauza, Jumamosi unarudisha hela ya watu. Ukichelewesha mara moja unasamehewa. Ukichelewesha mara ya pili, jina lako limekufa kuanzia Mtaa wa Kongo mpaka Msimbazi. Hakuna anayekwenda mahakamani kudai marobota mawili ya vitenge, atazeeka.

Msomi mmoja Mtaliano, Diego Gambetta, kwenye kitabu chake cha mwaka 1993, alieleza kwamba mafia ni biashara ya kuuza ulinzi mahali ambapo watu hawaaminiani na serikali haiaminiki. Nilipoisoma hiyo nilifikiria mali kauli. Kariakoo nasi tumejitengenezea uaminifu wetu nje ya karatasi. Tofauti ni kwamba mali kauli ina tarakimu. Mama mdogo anajua anadaiwa shilingi ngapi na siku gani. Akilipa, wanaangaliana machoni sawa kwa sawa.

Jumamosi hiyo mchana nilienda dukani bado nina usingizi, nikaukuta ubishi nao umenifuata. Nikamwambia mama mdogo nimekesha naangalia mambo ya Mafia. Akashtuka: "Mafia? Nani kaenda Mafia?" Alidhani napanda boti Nyamisati kwenda kisiwani kuangalia papa potwe! Mawinga wakacheka mpaka wakasahau wateja. Winga mmoja wa Simba akasema umafia anaujua yeye, ni ule Yanga wanaofanya kwenye usajili. Wa Yanga akajibu kwamba ukitaka umafia halisi panda juu pale Mtaa wa Msimbazi. Mnaona neno lenyewe tulivyolizoea? Kwetu "umafia" ni ujanja tu wa kusifiwa, mtu akikuzidi akili unasema kanifanyia umafia huku unatabasamu.

Mzee jirani wa duka akaleta hoja nzito zaidi. Akasema mafia wa kweli ni wakusanya kodi, Don cha mtoto. Nikamwambia baba, shikamoo, lakini hapo nakataa. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo mlifunga maduka kwa hasira za kamatakamata, na Waziri Mkuu Majaliwa akaja Mnazi Mmoja kuwasikiliza, watu wakapokezana kipaza sauti wakasema yote. Juni 2024 mkafunga tena. Don humfungii duka. Libero Grassi alifunga mdomo wa mfuko wake tu, wakamuua. Kodi ina kiwango, ina risiti, na unaweza kuilalamikia hadharani. Mzee akanijibu, "Wewe bado mtoto, subiri uwe na fremu yako." Inawezekana. Lakini hakunijibu hoja.

Sasa lile jambo langu.

Mwaka wa kwanza, mkopo niliopata haukufika ada yote. Ilibaki laki sita na ishirini na mlango wa mitihani ulikuwa unafungwa. Tajiri anayempa mama mdogo mali kauli akasikia. Akaniita, akatoa bunda kwenye droo, akahesabu mbele yangu, akasema, "Soma mwanangu, tunataka walimu." Nikasema nitarudisha. Akacheka, akasema nani kakudai? Nililia njia nzima kwenye daladala. Nilimwombea dua mwaka mzima, na siyo utani.

Wiki tatu zilizopita akapiga simu. "Mwalimu, pita dukani." Nikapita. Shikamoo, marahaba, soda ikaja. Anafungua fremu nyingine. Anataka TIN na leseni viwe kwa jina langu. Mimi nisiguse chochote, niweke saini tu. "Jambo dogo, mwanangu."

Wapendwa, kwa wiki mbili nilijiambia ni jambo dogo kweli. Mtu kanisomesha, nikatae saini? Mama mdogo naye akasema, kwa sauti ya chini, tumkubalie, mzigo wote unatoka kwake. Najua maana yake: biashara iwe yake, deni la kodi liwe la mwalimu mtarajiwa ambaye hajaajiriwa hata siku moja. Najua pia kwamba siyo mtu mbaya. Hilo ndilo lililonikaba. Angekuwa Fanucci wa suti nyeupe ningemkatalia siku ile ile.

Nilipoona Bonasera amesimama na ile maiti, usingizi uliniisha. Nilijiona mimi.

Basi Jumamosi hiyo jioni nikavuka barabara nikaenda. Nikamwambia mzee, kwenye saini siwezi, unisamehe. Nikatoa elfu hamsini ya boom, nikaiweka mezani, nikasema nitaleta kila mwezi mpaka laki sita na ishirini ziishe, na mwanao wa kidato cha pili nitamfundisha hesabu bure Jumamosi mbili kwa mwezi. Hakuigusa ile hela. Aliitazama kama nimemtukania mama. Akasema, "Fadhila za punda." Hakumalizia, na mimi sikuhitaji amalizie mateke. Hapo ndipo nilipojua kwamba laki sita hazikuwa deni lenyewe. Angetaka hela angeichukua.

Wahenga walisema tenda wema uende zako. Huo ndio mpaka wenyewe, jamani. Mtu mwema anaenda zake. Don anabaki amesimama mlangoni kwako anatabasamu.

Sijashinda kitu, nisiwadanganye. Mama mdogo hakuniongelesha siku tatu. Akienda kuchukua mzigo anaambiwa haujafika, huku anaona wenzake wanabeba. Jumatano wanawake wenzake wa mchezo wakakaa, kijumbe akahamisha zamu: yeye alikuwa wa tisa, wamempa ya tatu, ili anunue marobota mawili kwa hela taslimu. Hayatoshi, lakini duka halijafungwa. Nawaza sana kuhusu huyo kijumbe. Anashika hela za watu kumi na wawili, hana mlinzi, hana bastola, ana daftari na aibu yake tu, na kila mtu anajua analipa ngapi na lini. Kwenye Godfather wanawake wanafungiwa mlango usoni, kama Kay pale mwisho anavyoangalia mumewe akibusiwa mkono halafu mlango unafungwa. Laiti wangemwachia Kay ashike daftari, muvi ingeisha mapema.

Ile elfu hamsini niliirudisha mfukoni, usiku nikamtumia kwa simu. Haijarudi, na sijajibiwa. Mwezi ujao natuma nyingine. Dawa ya deni kulipa.

Kwa hiyo washkaji, ubishi wa kweli au chumvi mimi naufunga hivi: risasi ni chumvi, soda ya baridi na "jambo dogo mwanangu" ni kweli tupu. Mwenye hoja ya kunipinga namkaribisha, ila asije na mambo ya kichwa cha farasi. Na kama kuna mtu amekulipia kitu, kamuulize leo ni shilingi ngapi.

Naomba kutoa hoja. Ngoja nikaandae somo la Jumatatu, tunaanza hesabu za riba, teh teh teh!